Aproni Nane za Oda Brin

Jumatatu, 25 Agosti

Leo nimetia saini karatasi ya siri. Kurasa sita! Glenys, mkuu wa chumba chetu cha kushonea, alinisomea polepole maana anajua mimi na herufi ndogondogo hatupatani. Nisimwambie mtoto, jirani wala mchungaji. Nisipige picha. Nikivunja, kazi basi, na mahakamani naweza kufikishwa. Nikamuuliza: na kuandika je? Akacheka. Alidhani namtania.

Daftari si mtu. Kwa hiyo naandika.

Filamu yenyewe ni Moto wa Veskara. Ileile! Vile vitabu vitatu vinene kama matofali ambavyo Folole wangu anavijua kama Baba Yetu. Miaka minne nimeshona hapa kwenye studio za filamu za Miramar — makoti ya mazimwi, suruali za majeshi ya nchi ambazo hazipo — na hadithi zenyewe sikuwahi kuzijali. Hii naijali. Hii nimeisoma mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la saba kule kisiwani kwetu Savai'i. Kidole chini ya mstari, miezi kumi na minne.

Na nimepewa nani? Oda Brin! Yule mfua nguo wa ngome. Mpana kama mlango, mguu mmoja mzito, mdomo pilipili. Kwenye karatasi ya kazi imeandikwa: aproni za kijivu, nane.

Nane za nini, kwa bibi mfua nguo?

Nyumbani, wakati wa chakula cha usiku, Folole hakula, alinitazama tu. "Mama, ni Veskara, sivyo? Usiseme. Konyeza tu." Nikamwambia ale magimbi yake. Jicho langu la kulia likaanza kucheza lenyewe. Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta kijiko.

Jumatano, 27 Agosti

Vimekuja vipimo vya huyo mwigizaji wa Oda. Kiuno sentimita sitini na sita! Hicho si kiuno cha mfua nguo, hicho ni kiuno cha kamba ya kuanikia.

Nikamwonyesha Whetu. Whetu ndiye anayezeesha nguo zetu — sisi tukimaliza kushona vizuri yeye anazichukua na msasa na chai na matope, anaziharibu mpaka zionekane zimevaliwa miaka ishirini. Akacheka mpaka akaweka brashi chini. "Labda watamfunga mto tumboni, dada."

Mto haukuagizwa. Nimeangalia.

Nikamwendea Glenys. Na kiatu cha mguu mzito, kiko wapi? Akasema hakuna mguu mzito. "Kitabu ni kitabu, Sieni, filamu ni filamu."

Nasikia sana msemo huo humu ndani. Kila anayetaka kukata kitu anaanza na huo.

Whetu hakuona ubaya. Alisema bibi yake alikuwa na hadithi moja ya bata na samaki mkunga, aliwasimulia mara mia, na hazikufanana hata mbili. "Na hatukumpeleka polisi." Nikamwambia kwetu si hivyo. Kwetu mtoto akisimama kanisani Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto, akikosea neno moja tu la mstari wake, mashangazi watatu benchi la nyuma wanalisema kwa sauti, na ukoo mzima unaangalia viatu vyake. Neno ni neno.

"Basi nialike hiyo Jumapili Nyeupe nione," akasema. "Nitaleta mkate." Nikamwalika. Mkate wake wa chachu ya viazi ni mzuri kuliko wa duka lolote. Ila nimewaza: mbona anauliza sana habari za kwangu?

Ah, Sieni. Mkate tu.

Jumanne, 2 Septemba

Sasa najua kwa nini nane.

Moja ya kuvaa, moja ya akiba. Mbili za yule mwanamke anayeanguka badala ya mwigizaji. Na nne zilizobaki Glenys kaniletea leo na mchoro wake. Chini ya titi la kushoto, mpasuko wa vidole viwili. Ufungwe kwa mishono mitano ya uzi dhaifu, usiokazwa, ili ukivutwa kidogo uachie. Nyuma yake kifuko cha bitana, ukubwa wa yai.

Mshono huo naufahamu. Nimewashonea askari mia mbili. Kifuko ni cha damu bandia. Kisu kinaingia hapo.

Lakini katika kitabu Oda Brin haguswi hata kwa ukucha! Ngome inaungua, wafalme wanakufa, majoka yanakufa, na asubuhi yake Oda anatoka na beseni lake, anafunga kamba kwenye ukuta ulioungua, anaanika. Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mwisho. Shati moja, soksi moja, shati. Basi. Kila shabiki duniani analia hapo, Folole kasema, na mimi nililia ndani ya treni mpaka mwanamume mmoja akanipa karatasi ya kujifutia.

Na Iosua. Niandike, daftari si mtu. Mume wangu alipokuwa wodini Folole alimsomea vitabu hivyo kila siku baada ya shule, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Iosua alimpenda Oda, alisema ni mama yake mtupu. Kitabu cha tatu kilikuwa hakijafika nusu na daktari alishatuita pembeni. Folole akafungua kurasa za mwisho. "Oda anapona, Baba. Anaanika nguo." Iosua akasema: nilijua.

Sasa nimekaa na aproni nne mapajani, natengeneza mahali pa kisu. Mimi.

Jumatano, 3 Septemba

Folole kaniuliza waziwazi. Kwenye grupu lao la mashabiki watu wanabishana usiku na mchana: watafuata kitabu, hawatafuata. Kuna walioapa kutotazama kama hata jina la farasi litabadilishwa. Yeye hajali farasi. "Oda tu, Mama. Niambie Oda wamemwacha alivyo."

Ningesema siwezi kusema. Hilo ndilo nililofundishwa kujibu. Lakini ukimwambia Folole siwezi kusema, ameshajua.

Nikasema wamefuata kitabu neno kwa neno.

Akanikumbatia na mikono yake yenye sabuni ya vyombo. Blauzi yangu bado imelowa mgongoni.

Ijumaa, 5 Septemba

Mishono mitano haikufaa. Walijaribu, ikakataa kuachia. Fumua, shona upya. Uzi mwembamba zaidi. Ikaachia mapema mno, mwigizaji alipovuta pumzi tu. Fumua. Nadhani wiki hii nimefunga mpasuko huo mara sitini. Sasa naufunga bila kuangalia — vidole vinajiendea huku naongea na Whetu.

Alhamisi, 11 Septemba

Zimepita! Zote nne. Glenys kasema hakuna mwingine mwenye mkono wa hivyo. Nikafurahi kama mjinga — halafu nikakumbuka nimesifiwa kwa nini.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya kushona nyumbani. Magauni meupe matano ya watoto wa dada yangu kwa Jumapili Nyeupe yamekatwa, hayajashonwa. Na Folole anataka aproni ya Oda! Jumamosi ijayo mashabiki wanakusanyika kwenye ukumbi wa maktaba, wanavaa, wanaigiza kurasa wanazozipenda. Yeye atakuwa Oda.

Nilisita. Nisije nikashona ya filamu. Nikamwambia alete kitabu anisomee, nami nitafuata kitabu tu. Akakaa juu ya ndoo kando ya cherehani, akasoma: aproni ya kijivu, mfuko mmoja mkubwa upande wa kulia, kamba mbili, pindo lililoliwa na magadi. Ya filamu ina mifuko miwili na haina pindo lolote. Nzuri. Nikatumia shuka kuukuu, nikaichovya kwenye chai. Mfuko mmoja. Kulia. Pindo nikalikwangua kwa grata ya jibini kama afanyavyo Whetu.

Huku sufuria ya supu jikoni inachemka, huku dada yangu kwenye simu anauliza magauni yamefika wapi, huku Folole anasoma. Mikono yangu inajua kazi. Kufikia saa kumi imekwisha, na gauni moja jeupe pia.

Alipoivaa nikamwona mama mkwe wangu kabisa.

Jumapili, 21 Septemba

Folole hajaacha kuongea tangu jana. Walikuwa sabini! Aliigiza ukurasa wa mwisho. Alifunga kamba kati ya rafu mbili, akachukua beseni, akaanika shati, soksi, shati. Watu wazima walilia. Aproni imesifiwa, kila mtu kataka kuishika, imemfumukia mahali kidogo lakini si kitu, ataniletea nitie mshono.

Nikamwambia ailete. Akasema kesho. Kesho ya Folole ni Krismasi.

Jumanne, 23 Septemba

Mungu wangu. Siri imevuja.

Saa tatu asubuhi Glenys katusimamisha wote, mashine zimezimwa. Akasoma kwenye simu yake. Mtu kaandika kwenye ukurasa wa mashabiki: Oda Brin atachomwa kisu. Chini ya titi la kushoto. Ushahidi tunao, hatuuonyeshi tusije tukamponza mtu.

Titi la kushoto! Si wa kubahatisha huyo. Waliojua kushoto ni Glenys, Whetu, na mimi. Na hao wakubwa, lakini wakubwa hawavujishi, wanavujishiwa.

Glenys hakupiga kelele. Ningependa apige. Alisema tu kwamba walioko juu wanataka jina, na lisipopatikana jina wataondoa chumba kizima.

Nikirudi kwenye treni nikawaza kitu kimoja tu. Daftari hili. Linakaa kwenye droo ya soksi. Na soksi za nyumba hii nani anazipanga?

Nimefungua mlango Folole yuko sebuleni, macho mekundu. "Mama, wanasema Oda anakufa. Ni kweli?"

Nikamtazama. Nikamtazama hasa, jinsi ninavyotazama kitambaa dukani kama kina kasoro. Analia kweli au ananipima?

"Uongo," nikasema.

"Nilijua," akasema. Vilevile kama baba yake.

Jumatano, 24 Septemba

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikulala vizuri.

Nimehamisha daftari. Limo ndani ya pipa la unga, ndani ya mfuko, na juu ya mfuko nimelaza unywele wangu mmoja mweupe. Ukisogea nitajua. Mama gani anamtegea mtoto wake unywele? Mimi.

Anaimba bafuni. Mwenye hatia anaimba?

Anaweza.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo kazini imejulikana. Mwisho umebadilishwa, Oda Brin hatachomwa kisu tena, atazama mtoni, tunashona gauni zito la kuzamia, la buluu.

Jumamosi, 27 Septemba

Ya Alhamisi ni uongo mtupu, nimeuandika makusudi. Ni mtego. Gauni la buluu halipo. Nikarudisha daftari kwenye droo ya soksi, unywele juu yake, nikaenda kazini. Kama Folole anasoma, kufikia leo mashabiki wote wangekuwa wanaandika mto, mto, mto.

Nimemwomba anionyeshe grupu lao, nikasema natamani tu kuona wanavyovaa. Akafurahi! Akakaa karibu yangu, akanisomea kila kitu, hata vichekesho. Hakuna mto. Hakuna buluu. Na unywele uko palepale.

Ameniandalia na chai.

Basi si yeye. Nilitaka kumwomba radhi lakini ningeanzia wapi, hajui alichoshitakiwa.

Kama si yeye, ni nani?

Jumatatu, 29 Septemba

Wanatuita mmojammoja ofisini kwa Glenys. Yupo na mwanamume wa suti asiyejitambulisha. Mimi wa nne.

Mwanamume kafungua faili. "Una binti shabiki wa vitabu hivi, sivyo?"

Nikaona mikono ya Folole yenye sabuni. Nikaona nyumba. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ukasema: hata Whetu ana mpwa shabiki. Na wiki ile ya majaribio nilimwona Whetu ameinua simu juu ya meza ya aproni.

Ni kweli nilimwona. Ameinua simu, taa yake imewaka, ananyoosha kitambaa. Mwanamume akaandika. Glenys hakuniangalia.

Sikusema uongo. Naandika tena: sikusema uongo.

Lakini nilipokuwa ngazini nikakumbuka. Kila siku Whetu anatumia taa ya simu kupimia rangi ya matope. Kila siku! Sote tunajua.

Sikupanda tena ngazi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Meza ya Whetu imefutwa safi. Brashi zimefungwa kwa mpira. Wamesema ni kumsimamisha tu, mpaka uchunguzi uishe. Jina wamelipata, chumba kimepumua. Mtu kaleta keki!

Kaniandikia ujumbe: "Dada, wamenirudisha nyumbani, eti simu yangu. Hawakukuta kitu lakini hawaniamini. Wewe usihangaike. Jumapili Nyeupe bado nimealikwa?"

Nimejibu: ndiyo.

Ndiyo tu. Dakika ishirini kuandika neno moja.

Jumatano, 8 Oktoba

Najiambia huenda ni yeye kweli. Mtu hajulikani. Anauliza sana, mpwa anaye, simu anayo, na hakuwahi kujali kitabu kikibadilishwa — mwenyewe alisema! Bibi yake na bata wake.

Leo wamenipa mto wa Whetu wa kukalia, ule wa maua, nikalie mimi. Nimeusukuma kwa mguu chini ya meza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kesho ni Jumapili Nyeupe. Nyama imo kwenye maji ya chumvi, nazi zimekunwa, magauni meupe matano yanang'inia kwenye mlango wa chumba changu kama malaika wanaongoja basi. Nilikuwa nayapiga pasi. Saa tano asubuhi.

Folole akaja na aproni. Hatimaye! "Mama, ile sehemu iliyofumuka. Nataka kuivaa wiki ijayo."

Wapi, nikasema, leta.

Akanipa. Nikaingiza kidole.

Chini ya titi la kushoto. Mpasuko wa vidole viwili. Mishono mitano, uzi mwembamba, yote imeachia safi kama ilivyofundishwa. Na nyuma yake kifuko. Ukubwa wa yai.

Nikakaa chini. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa sakafuni.

"Mama?"

Ilifumuka lini, nikauliza. Akasema pale alipokuwa anaanika. Alipoinua mikono kuweka lile shati la kwanza — pa! Watu wakacheka kidogo, naye akaendelea. Baadaye yule bwana Lorrimer, mzee wa miwani aliyefanya kazi ya tamthilia miaka yake, akaja akakishika kile kifuko, akakigeuza ndani nje. Akauliza nani kashona. "Nikamwambia kwa fahari, mama yangu. Yuko Miramar. Akakitazama tena, akanifungia kwa pini. Mtu mwema sana."

Mtu mwema sana. Tusije tukamponza mtu.

Mimi. Hii mikono. Nilifuata kitabu mfuko kwa mfuko, pindo kwa pindo, mtoto ananisomea sikioni, na chini ya kitabu mikono ikashona filamu.

Folole si mjinga. Alinitazama mimi sakafuni, akatazama aproni, akatia vidole vyake viwili pale. Nikaona anaelewa. Sijawahi kutamani mtoto wangu awe mpumbavu, leo nilitamani.

"Hii ni ya damu," akasema.

Ndiyo.

"Wanamuua."

Ndiyo.

"Uliniambia ni uongo." Hakupaza sauti. "Nimegombana na nusu ya grupu, Mama. Nimewaita waongo. Hata bwana Lorrimer, mtu mwema vile, aliposema ni kweli nimemwita mzee mzushi. Kwa neno lako."

Nikamwambia karatasi ya siri. Nikamwambia kazi. Akasema anajua kuna karatasi, angeelewa ningesema siwezi kusema. Mbona niliongeza neno kwa neno?

Nikasema kwa sababu ya Baba yako.

Akageukia dirisha. "Nilimwahidi anapona."

Basi nikasema lile nililokaa nalo miaka miwili. Kwamba nilipokisoma kitabu cha tatu mwenyewe, kidole chini ya mstari, nilifika mahali Tam anapokufa. Tam, mume wa Oda, anakufa kwa mapafu, kurasa thelathini kabla ya mwisho, Oda anamshika mkono. Na yale mashati anayoanika mwishoni ni ya Tam. Wodini Folole hakuyasema hayo. Iosua alipouliza, na mzee wake je, Folole alimwambia yuko ndani, amelala, anangoja shati likauke.

Nilikuwa mlangoni siku hiyo na sahani. Nilisikia.

"Ulijua?" akasema.

Nilijua. Na sikuona kosa.

Akalia sasa, kwa sauti kama mtoto. Nilitaka kumshika lakini alikuwa bado ameshika aproni katikati yetu. Sijui kama nimesamehewa. Sikuuliza.

Halafu nikashtuka kama niliyemwagiwa maji. Magauni! Nilianza kuyashona siku ileile, mikono ileile. Nikayavuta yote mlangoni, nikayageuza ndani nje juu ya meza. La kwanza safi. La pili safi. La tatu na la nne safi.

La Tiresa, kitinda mimba wa dada yangu. Miaka sita, mdogo kuliko wote, mstari wake ni mfupi na tumeurudia mwezi mzima. Mkono wangu uliuona kabla ya macho. Kushoto. Vidole viwili. Mishono mitano ya uzi dhaifu, mtoto hana hata titi. Kesho angesimama mbele ya kanisa zima, ameinua mikono kusema mstari wake, nguo nyeupe.

Nimeufumua. Folole kanishikia kitambaa, karibu. Nimeuziba kwa uzi mzito, mishono sijui mingapi, nikalipiga pasi gauni. Haionekani. Mimi naiona.

Nikamwambia Folole habari ya Whetu. Yote, pamoja na ngazi. Hiyo ndiyo iliyomfanya aniangalie vibaya kuliko ya Oda. Akasema: "Mpigie Glenys." Nikasema kazi. Akasema: "Mama." Tu. Nikasema sasa hivi ni Jumamosi, hayupo ofisini, tungoje Jumatatu. Akachukua simu yangu, akaitafuta namba mwenyewe, akaniwekea sikioni.

Imeita mpaka mwisho. Sikuacha ujumbe, ningesema nini kwenye mashine. Atapiga. Glenys hupiga kila mara.

Naandika huku nangoja. Saa saba na robo. Folole amekaa mbele yangu, hasomi, hafanyi kitu, analinda simu. Aproni iko mezani. Nataka kuifumua yote irudi kuwa shuka. Kanikataza, kasema ndiyo ushahidi wa Whetu.

Simu imetikisika. Nimeshindwa kuigusa. Folole kaivuta, kasoma.

Si Glenys. Ni Whetu. Anauliza kesho tuko wangapi, akande mikate miwili au mitatu.